Mzee Mbele ya Mgomba: Picha za Wazee Zilizopigwa Nje ya Nyumba katika Kanda ya Maziwa Makuu na Lugha ya Maelezo Yake

Ikisiri

Makala haya yanachunguza picha za wazee zilizopigwa nje ya nyumba katika kanda ya Maziwa Makuu tangu mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na maneno yaliyotumika kuzielezea. Yanadai kwamba wazee walitolewa nje kwa sababu ya mahitaji ya mwanga, na kwamba wageni waliyapa mazingira hayo maana ya “asili” ilhali kwa waliopigwa picha yalikuwa makazi, mali na ushahidi wa umiliki. Kwa kutumia mifano ya Kiswahili, Kiganda, Kinyankole, Kinyarwanda na Kijaluo, makala yanaonyesha kuwa lugha za kanda zina njia mbalimbali za kumtaja anayepigwa picha kama mtenda. Yanahitimisha kwa mapendekezo kwa taasisi zinazoandaa maelezo ya Kiswahili kwa ajili ya makusanyo ya picha ya kidijitali.

Istilahi muhimu: maelezo ya picha, mzee, mazingira ya asili, unyambulishaji, Maziwa Makuu

1.0 Utangulizi

Katika makusanyo ya picha za kale za Maziwa Makuu kuna sura moja inayojirudia mno hata mtazamaji huacha kuiona: mtu mwenye umri mkubwa ameketi nje, na nyuma yake pana majani ya migomba, ua wa miti au mti mmoja mkubwa. Maelezo yaliyoandikwa chini yake huwa mafupi. Hutaja kabila, hutaja umri kwa neno moja, na pengine hutaja mahali. Jina la mtu aghalabu halipo. Mti nao hautajwi, kana kwamba ulikuwapo kwa bahati tu.

Picha hizo sasa zinaingizwa katika hifadhi za kidijitali, na swali la lugha ya maelezo yake limekuwa la kisera. Kiswahili kimepata hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017. Nchini Uganda, Baraza la Mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki imekikubali pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Kadiri hadhi hii inavyoongezeka, ndivyo Kiswahili kitakavyoombwa kutoa maelezo ya picha yatakayosomwa Kigali, Mbarara, Bukavu na Kisumu kwa pamoja. Iwapo maelezo hayo yatakuwa tafsiri ya moja kwa moja ya yale ya wakoloni, basi Kiswahili kitarithi ukimya wao pia.

Hoja ya makala haya ni kwamba picha ya mzee aliye nje ya nyumba ina mambo mawili yanayopaswa kusomwa pamoja: mtu na mandhari yake. Maelezo ya kikoloni yaliyafuta yote mawili kwa mkupuo mmoja: mtu alifanywa mfano wa kabila, na shamba lake likafanywa pori. Kwa bahati njema, lugha za kanda zimehifadhi fikra tofauti kuhusu tendo la kupiga picha, nasi twaweza kuzitumia katika kuyasahihisha maelezo hayo.

2.0 Kwa Nini Nje? Mwanga na Vifaa

Sababu ya kwanza iliyowatoa wazee nje ya nyumba ilikuwa ya kifundi. Mbinu ya bamba la kioo lililopakwa dawa mbichi, iliyotangazwa mwaka 1851, ilimlazimu mpiga picha aandae bamba, apige picha na kulisafisha kabla dawa haijakauka. Katika joto la tropiki kazi hiyo ilikuwa mateso. James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha Unguja mwaka 1860, lakini baadaye aliiacha kamera na kutegemea michoro ya mkono. Ndiyo sababu kumbukumbu zinazoonekana za safari hiyo katika bara ni michoro ya rangi za maji.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alimpiga picha Kabaka Mutesa I pamoja na wakuu wake, nao wamesimama nje. Richard Buchta, aliyesafiri katika nchi za Nile ya juu kati ya mwaka 1878 na 1880, aliendeleza kazi hiyo hadi maeneo ambayo leo yako kaskazini mwa Uganda, na picha zake zikachapishwa Berlin mwaka 1881. Kuenea kwa mabamba makavu kuliwarahisishia wasafiri kazi. Hata hivyo, mwanga wa kutosha uliendelea kupatikana mahali pamoja tu, yaani uani. Nyumba ya msonge yenye mlango mmoja haikuruhusu picha ndani. Umeme wa kiwango kikubwa nchini Uganda ulipatikana baada ya bwawa la Owen Falls kuzinduliwa mwaka 1954. Kwa hiyo, kwa takriban miaka 80, kupiga picha ya mzee kijijini kulikuwa na maana ya kumpiga picha nje.

Mwanga wa nje ulikuwa na masharti yake. Karibu na Ikweta jua la saa sita mchana huwa juu ya utosi. Hutia giza machoni na kuchimba kila kunyanzi la uso. Anayeketi katika jua hilo hukunja uso, na kwa mzee mkunjo huo husomeka kama huzuni au ukali asiokuwa nao. Dawa za picha za awali nazo zilichangia. Hazikuhisi mwanga mwekundu, na kwa kuwa ngozi yoyote hurudisha kiasi kikubwa cha mwanga huo, nyuso zilitoka nyeusi zaidi na mistari yake ikakolea. Mabamba yanayohisi rangi zote yalianza kuuzwa katika muongo wa kwanza wa karne ya 20, lakini yalichukua miaka kadhaa kuenea. Basi, sehemu ya “ukongwe” tunaouona katika picha za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ni kazi ya kemia na ya saa iliyochaguliwa na mpiga picha. Mtafiti anayekadiria umri wa mtu kwa kutazama makunyanzi katika picha ya mwaka 1908 anajenga juu ya mchanga.

Jambo la tatu ni kimo cha kamera. Kamera nyingi za kisanduku na zile za lenzi mbili zilizotumika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilishikwa tumboni, na mpiga picha aliinamisha kichwa kutazama kioo kilichokuwa juu yake. Lenzi ilikuwa takriban mita moja kutoka ardhini, sawa na kimo cha mtu aliyeketi kitini. Mzee aliyeketi alitazamwa ana kwa ana. Zilipoenea kamera ndogo zinazowekwa jichoni, mpiga picha aliyesimama alianza kumtazama mzee aliyeketi kutoka juu. Ikiwa mzee ni mwanamke aliyeketi juu ya mkeka, kama adabu ya sehemu nyingi za Uganda inavyotaka, tofauti hiyo huwa kubwa zaidi. Mabadiliko haya hayakutokana na dharau ya mtu yeyote. Yalitokana na kifaa. Hata hivyo, picha inayomtazama mzee kutoka juu imekuwa ndiyo ya kawaida katika ripoti nyingi za miradi ya maendeleo ya siku zetu.

3.0 “Asili” ya Nani?

Kilichoanza kama hitaji la mwanga kiligeuka kuwa hoja. Wasafiri, wamisionari na wanaanthropolojia walipozipeleka picha zao Ulaya, majani yaliyokuwa nyuma ya mzee yalianza kusema kwamba mtu huyu ni wa maumbile, na kwamba ameishi hivi tangu zamani pasipo badiliko. Katika msafara wa Adolf Friedrich zu Mecklenburg uliopita Rwanda na maeneo jirani mwaka 1907 hadi 1908, mwanaanthropolojia Jan Czekanowski alipima maumbile ya watu na kuwapiga picha. Katika kazi za aina hiyo mtu huhesabiwa kuwa kielelezo cha kundi, na jina lake halina kazi. Baadaye Kazimierz Zagórski, Mpolandi aliyehamia Léopoldville mwaka 1924 na kufariki mwaka 1944, alitoa mamia ya postikadi na picha za Kongo na nchi jirani chini ya anwani *L'Afrique qui disparaît*, yaani Afrika inayotoweka. Anwani hiyo inaeleza kwa nini wazee walipendwa na kamera: mzee alitazamwa kama wa mwisho wa jinsi yake.

Katika familia za kanda hii mambo ni kinyume. Bibi na babu hutazamwa kama chimbuko. Picha yao hutundikwa ukutani ili wajukuu wajue walikoanzia. Picha hiyohiyo, basi, huweza kusomwa na mmoja kama tamati na mwingine kama mwanzo.

Tofauti hii huwa dhahiri zaidi tukiyatazama majani yenyewe. Mgomba haumei wenyewe katika pori la Buganda au Ankole. Hupandwa, hupogolewa, huwekewa matandazo, na shamba moja huweza kutunzwa kwa miongo kadhaa. Katika Buganda shamba la migomba, *olusuku*, kwa desturi lilikuwa kazi na fahari ya mwanamke wa nyumba. Mwanamke mwenye umri mkubwa aliyepigwa picha mbele ya migomba minene amepigwa picha mbele ya kazi ya maisha yake. Kuandika kwamba yuko “katika mazingira ya asili” ni kumnyang'anya kazi hiyo.

Mti wa *mutuba* nao una habari zake. Ndio unaotoa gome linalogongwa na kuwa *olubugo*, nguo ya magome ambayo utengenezaji wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika na kuingizwa katika orodha wakilishi mwaka 2008. Mutuba hupandwa kwa kipande cha tawi, hukua karibu na nyumba, na hubanduliwa gome mara nyingi katika uhai wake. Shina lenye alama za kubanduliwa ni ushahidi kwamba watu wamekaa mahali hapo kwa muda mrefu. Nchini Rwanda, mti wa *umuvumu* hufanya kazi inayofanana: katika simulizi za nchi hiyo, imivumu mikubwa huonyesha mahali palipokuwa makazi ya kale, yakiwamo ya wafalme.

Ushahidi huo haukuwa jambo dogo. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kwa mfumo wa *mailo*, na wakuu wachache wakapata sehemu kubwa. Katika miaka ya 1920 *Bataka*, yaani wakuu wa koo, walilalamika hadharani kwamba ardhi walimozikwa babu zao ilikuwa imeangukia mikononi mwa wengine. Kati ya matukio hayo mawili, mwaka 1908, mmisionari C. W. Hattersley alichapisha kitabu kuhusu maisha ya Waganda chenye picha mia moja. Msomaji wa London aliona migomba na watu. Mganda wa mwaka 1908 angeweza kuuliza: hilo ni shamba la nani, na ni nani aliyezikwa humo? Maelezo ya picha hayakuwa na nafasi ya swali hilo, nasi leo tungefaidika sana kama yangekuwa nayo.

4.0 Wapiga Picha Wenyeji na Desturi ya Kujipanga

Ingekuwa kosa kudhani kwamba historia hii ni ya wageni pekee. Mmoja wa wapiga picha wenyeji wanaojulikana zaidi leo ni Musa Katuramu wa Ankole, mwalimu na seremala aliyeanza kupiga picha katika miaka ya 1930 na kuendelea kwa miongo kadhaa. Aliacha zaidi ya negativu elfu moja ambazo familia yake ilizihifadhi. Zimejulikana kwa umma kupitia mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Canon Griffin, na kupitia mfululizo wa vitabu uitwao *Ebifananyi* ulioanza kutolewa mwaka 2014.

Katuramu naye alipiga picha zake nyingi nje, kwa jua lilelile lililotumiwa na wageni. Lakini watu wake wamejipanga. Wameitazama kamera, na mkao wao unaonyesha kwamba walijua picha ile ingekwenda kwa nani. Katika picha za familia za kanda hii, mwenye umri mkubwa hupewa kiti hata kama kiti ni kimoja tu, na vijana husimama nyuma au kuketi chini. Kiti chenyewe hutolewa ndani na kuwekwa juu ya majani. Kwa mtazamaji asiyejua, kiti cha sebuleni kilichowekwa uani ni kichekesho kidogo. Kwa anayejua, ni tangazo kwamba uani hapa si pori, ni sehemu ya nyumba, na aliyeketi ndiye mwenye nyumba.

Hivyo basi, kigezo cha kutofautisha picha hizi na zile za msafara wa kisayansi hakiwezi kuwa mandhari, kwa kuwa mandhari ni yaleyale. Hakiwezi kuwa mwanga, wala aina ya kamera. Kigezo ni nani aliyeamua kwamba picha ipigwe. Swali hili la kihistoria lina sura yake ya kisarufi, nayo ndiyo tunayoigeukia.

5.0 Sarufi ya Kupiga na Kujipigisha

Wako wahakiki wa Magharibi, maarufu zaidi akiwa Susan Sontag katika kitabu chake cha mwaka 1977, waliolinganisha kamera na bunduki. Ulinganisho huo unavutia, lakini hauwezi kuegemezwa juu ya kitenzi chetu *kupiga*. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga mswaki. Katika miundo hii kitenzi kimepoteza maana ya kugonga na kubaki kibeba-tendo, huku maana ikichukuliwa na nomino. Mtindo huo umeenea katika kanda: Kiganda husema *okukuba ekifaananyi*, Kinyankole husema *okuteera ekishushani*, na Kijaluo, ambacho si lugha ya Kibantu, husema *goyo picha*, vitenzi vyote vitatu vina maana ya msingi ya kupiga.

Nomino zenyewe zina mafunzo. *Ekifaananyi* linatokana na mzizi uleule wa *kufanana*, na *ekishushani* linatokana na kitenzi cha Kinyankole chenye maana hiyohiyo. Picha, kwa lugha hizi, ni kitu kinachofanana na mwenyewe. Kiswahili cha zamani kilitumia *sanamu* na *taswira*. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 bado inaliorodhesha neno *sanamu* kwa maana ya picha na ya kinyago pia. Baadaye *picha*, neno la mkopo, lilishinda, kama *ifoto* lilivyoshinda katika Kinyarwanda. Kwa kuchukua neno la mkopo tulipata wepesi, lakini tuliachana na dokezo la mfanano ambalo majirani zetu Waganda na Wanyankole wamelihifadhi.

Jambo zito zaidi liko katika unyambulishaji. Tazama sentensi zifuatazo:

(1) Bibi alipiga picha chini ya mwembe.
(2) Bibi alipigwa picha chini ya mwembe.
(3) *Jjajja yeekubisa ekifaananyi.* (Kiganda)
(4) *Umukecuru yifotoje.* (Kinyarwanda)

Sentensi (1) ina utata ambao mzungumzaji wa Kiswahili haushangai. Huenda bibi alishika kamera; huenda pia aliketi mbele yake. Tunasema “twende tukapige picha” tukiwa tunakwenda kupigwa. Katika matumizi hayo anayepigwa picha ndiye mtenda, na mwenye kamera hatajwi kabisa, kama kinyozi asivyotajwa tunaposema mtu amenyoa. Sentensi (2) inaondoa utata kwa gharama ya kumfanya bibi mtendwa. Sentensi (3) na (4) zinaondoa utata bila gharama hiyo. Kiganda kinachukua *kuba*, kinaongeza kiambishi cha usababishi *-is-* na cha kujirejea *e-*. Kinyarwanda kinafanya vivyo hivyo juu ya kitenzi cha mkopo *gufotora* na kupata *kwifotoza*. Tafsiri sisisi ya yote mawili ni *kujipigisha picha*: kumfanya mwingine akupige picha kwa matakwa yako.

Umbo *kujipigisha* linakubalika kisarufi katika Kiswahili ingawa halisikiki sana. Katika maelezo ya picha linaweza kufanya kazi ambayo *kupiga* na *kupigwa* haziwezi. Mzee aliyesimamishwa mbele ya kipimo cha mwanaanthropolojia mwaka 1907 *alipigwa* picha. Familia iliyomwita Katuramu na kutoa kiti nje *ilijipigisha* picha. Historia ya mamlaka iko kati ya vitenzi hivi viwili, na Kiswahili kina uwezo wa kuionyesha kwa silabi mbili tu.

6.0 Neno “Mzee” na Hatari ya Heshima

Tatizo jingine linatokea katika kutafsiri maneno ya umri. Maelezo ya Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa yalitumia maneno yenye maana ya “mwanamume mkongwe” au “mwanamke mkongwe”, yaliyotaja hali ya mwili pasipo cheo. Mfasiri wa leo akikutana na maneno hayo huandika *mzee* au *bibi* bila kusita. Tafsiri hiyo ni ya adabu, lakini inasema jambo ambalo maelezo ya awali hayakulisema.

*Mzee* ni neno la umri, la ukoo na la mamlaka kwa pamoja. “Mzee wangu” ni baba yangu hata kama ana miaka 45. Katika Kiganda *omukadde* ni mtu wa umri mkubwa, na *abakadde bange* ni wazazi wangu. Heshima ya neno *mzee* ndiyo iliyolivusha mipaka: Kiganda cha kila siku kina *muzeeyi* na Kinyarwanda kina *muzehe*, yote kutoka Kiswahili, pembeni ya *umusaza* na *umukecuru* ambayo ni maneno ya umri zaidi. Kinyankole nacho kina *omugurusi* na *omukaikuru*. Kiswahili chenyewe kina ngazi: *mzee*, *shaibu*, *ajuza*, *kikongwe*, hadi *kizee*, ambalo laweza kuudhi.

Mfasiri anapoweka *mzee* mahali palipoandikwa neno kavu la umri, anasafisha kumbukumbu. Msomaji wa baadaye atadhani kwamba mpiga picha alimtambua mtu huyo kuwa mwenye cheo katika jamii yake, ilhali hakumwuliza hata jina. Heshima iliyokuja kuchelewa inaficha dharau iliyokuwapo, na mwanahistoria anazihitaji zote mbili zionekane. Kwa upande mwingine, kulitafsiri neno lile kwa ukavu wake bila kusema lolote ni kurudia kosa. Suluhisho haliko katika kuchagua neno moja. Liko katika kutenganisha sauti mbili, ya mwandishi wa kwanza na ya mhifadhi wa leo.

7.0 Kurudi kwa Picha: Funzo kutoka Nyanza

Kwamba majina yaliyopotea yanaweza kupatikana ni jambo lililokwisha kuonyeshwa na jirani zetu wa magharibi mwa Kenya. E. E. Evans-Pritchard alipiga picha miongoni mwa Wajaluo mwaka 1936, na picha hizo zikahifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Pitt Rivers, Oxford. Mwaka 2007 watafiti Christopher Morton na Gilbert Oteyo walipeleka nakala za picha hizo, pamoja na nyingine za kale zaidi, katika maboma ya Nyanza, zikaonyeshwa kwa jamaa chini ya anwani ya Kijaluo *Paro Manene*, yaani kutafakari yaliyopita.

Maana ya kazi hiyo kwa hoja yetu ni mahali ilipofanyika. Picha zilizopigwa nje zilirudishwa nje, bomani, mbele ya watu wanaoweza kutambua umbo la kilima, aina ya ua na namna ya kukaa. Mtu anayetazama picha katika chumba cha hifadhi anaona uso. Anayeitazama katika boma huona pia ardhi, na ardhi humkumbusha jina. Mandhari ambayo maelezo ya kikoloni yaliidharau ndiyo inayoweza kuwa ufunguo wa utambuzi.

Ufunguo huo una muda wake. Mtu aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1950, na anayeweza kumtambua bibi yake katika picha ya wakati huo, leo amevuka miaka 80. Wanaoweza kuwataja wazee wa picha hizi ni wazee wenyewe sasa. Hifadhi inayopanga kuweka picha mtandaoni kwanza na kuziuliza jamii baadaye imepanga vibaya.

8.0 Mapendekezo

Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki kuhusu haki za wazee mwaka 2016, na sheria za ulinzi wa data binafsi zimetungwa Uganda na Kenya mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zinawasaidia wazee wanaopigwa picha leo, ila hazikutungwa kwa ajili ya mabamba ya kioo ya mwaka 1908. Pengo hilo litazibwa na kanuni za taasisi. Tunapendekeza yafuatayo:

(a) Maelezo ya awali yahifadhiwe katika lugha yake, katika sehemu yake, yakiwa na jina la aliyeyaandika na mwaka. Maelezo ya Kiswahili yawe katika sehemu ya pili na yasijifanye kuwa tafsiri yake.

(b) Pasipo na jina, iandikwe wazi: “jina halikuandikwa na mpiga picha”. Kauli hiyo inaweka ukimya begani mwa aliyeusababisha, tofauti na “mzee asiyejulikana”, inayodokeza kwamba hakujulikana hata kwao.

(c) Fungu la maneno “mazingira ya asili” lisitumike kwa shamba, ua au mti uliopandwa. Itajwe mimea yenyewe kwa jina la mahali: olusuku, mutuba, umuvumu.

(d) Ushahidi ukiruhusu, maelezo yatofautishe *alipigwa* na *alijipigisha*. Usiporuhusu, itumike nomino, “picha ya”, isiyodai lolote.

(e) Nakala zilizochapishwa, zenye ukubwa wa kutosha kwa macho ya wazee, zipelekwe vijijini kabla ya picha kuwekwa mtandaoni, na familia iulizwe kama ingependa ionekane na umma.

(f) Kanuni hizi zitumike pia kwa picha mpya. Anayempiga picha mzee kwa ajili ya ripoti ya mradi aandike jina kwa ridhaa yake, ashuke hadi kimo chake, amkinge na jua la mchana, na amwache achague mahali pa kuketi. Mahali atakapopachagua ni sehemu ya maelezo.

9.0 Hitimisho

Wazee wa Maziwa Makuu walipigwa picha nje kwa kuwa ndiko kulikokuwa na mwanga. Walichokuwa nacho nyuma yao kilikuwa mali yao, kazi yao na makaburi yao. Kilichoandikwa chini yao kilikuwa kabila na umri. Kazi ya Kiswahili katika hifadhi za kanda ni kubwa kuliko kutafsiri maandishi hayo. Lugha inayosema “twende tukapige picha” kwa maana ya kupigwa, na yenye majirani wanaosema *kwekubisa* na *kwifotoza*, inajua tayari kwamba aliyeketi mbele ya kamera ana neno lake katika picha. Kinachohitajika ni kanuni zitakazoruhusu neno hilo liandikwe, na kuandikwa mapema, wangali hai wanaoweza kulisema.